Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Maskati: Imani Yako, Ijumaa Yako na Nchi ya Waibadhi

Swali la kwanza ninaloulizwa na watu wanaojiandaa kwenda Oman, wakisikia kwamba niliishi Maskati miaka 6, ni hili: "Kanisa lipo?" Mara nyingi anayeuliza ni binti aliyekwishapata viza na kubakiwa na wiki mbili, na mama yake amekaa pembeni akilisubiri jibu kuliko yeye mwenyewe. Kanisa lipo, tena si moja. Lakini siku hizi siishii hapo, kwa sababu nimewaona walioishi nusu saa kutoka kanisani wakamaliza mkataba wa miaka 2 bila kulikanyaga. Haya nayaandika kwanza kwa Mkristo wa kwetu anayekwenda kutafuta riziki. Mwislamu naye anayo ya kujiandaa nayo, na nitayafikia.

Sheria uijue wewe, usisubiri ya kuambiwa

Oman ni nchi ya Kiislamu kwa maandishi. Sheria ya Msingi ya Dola, aliyoitoa Sultan Qaboos mwaka 1996 na ikaandikwa upya mwaka 2021 chini ya Sultan Haitham, inasema katika kifungu cha 2 kwamba dini ya dola ni Uislamu na sharia ya Kiislamu ndiyo msingi wa kutunga sheria. Sheria hiyohiyo inalinda uhuru wa watu kufanya ibada zao kulingana na desturi zinazotambulika, ilimradi zisivuruge utulivu wala kukiuka maadili. Soma maneno hayo mawili kwa pamoja. Wapo wanaosikia la kwanza tu wakadhani wanakwenda kuishi kwa kujificha, na wapo wanaosikia la pili wakafika huko na spika.

Kwa vitendo maana yake ni kwamba ibada ina mahali pake. Jumuiya za wasio Waislamu husajiliwa na Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini, na husali katika maeneo yaliyoruhusiwa. Sebule yako haimo. Hili ndilo linalowakwaza watu wetu kuliko yote, maana sisi tumelelewa kwenye jumuiya ndogondogo: leo tunasali kwa mama fulani, wiki ijayo kwa jirani yake, Ijumaa kuna mkesha, mgonjwa akilazwa tunakusanyika nyumbani kwake na kuimba. Mtu anafika Maskati, anawakuta wenzake watano kutoka Arusha au Kisumu, na kabla mwezi haujaisha wameshaanza maombi ya Jumatano katika chumba cha ghorofa. Mapendo yao ni ya kweli, lakini huo ndio mkusanyiko unaokatazwa. Kusali peke yako chumbani, au wewe na mwenzi wako na wanao, hakuna anayekuuliza. Kuita watu ni jambo jingine.

Kuhubiri kwa nia ya kumvuta Mwislamu aache dini yake ni marufuku. Biblia yako moja ya kusoma ni yako. Katoni ya vijitabu vya kugawa iache nyumbani, hata kama mchungaji wako amekubariki nayo.

Halafu ishughulikie simu yako kabla ya safari. Sisi Waswahili tuna mazoea ya mihadhara: video za Wakristo na Waislamu wakibishana uwanjani, huyu anafungua Kurani, yule anafungua Injili, watu wanashangilia kama mpira. Zimejaa kwenye makundi ya WhatsApp, na nyingine zina matusi mazito kwa Mtume au kwa Yesu. Kanuni ya adhabu ya Oman ya mwaka 2018 inatoa kifungo cha miaka 3 hadi 10 kwa anayeutukana Uislamu, Kurani au mitume, na inazilinda pia dini nyingine za mbinguni, yaani Ukristo na Uyahudi. Jitoe kwenye makundi hayo ukiwa bado nyumbani. Futa zilizobaki. Mwambie na kaka yako asikutumie tena.

Ijumaa ni ya nani?

Kuanzia mwaka 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu ya kwetu. Kwa hiyo makanisa yamehamishia ibada kubwa siku ya Ijumaa. Mwanzoni moyo hukataa. Mimi wiki za kwanza nilijiona kama naigiza, nikavaa gauni langu la Jumapili siku ambayo misikiti yote inaadhini kwa sala ya Ijumaa. Baada ya muda nikazoea.

Nenda Ruwi uone. Ruwi ni mtaa wa maduka, wa Wahindi na Wabangladeshi, wa vitambaa, dhahabu na ofisi za kutuma pesa. Huko kuna parokia ya Kikatoliki ya Watakatifu Petro na Paulo, iliyoanza mwaka 1977 kwenye ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos, na jirani yake kuna eneo la Waprotestanti. Kundi moja halijamaliza kutoka, jingine limeshajaa mlangoni: Wafilipino wanatoka, Wamalayali wa Kerala wanaingia, wanawake wa Kihindi na sari zao, watoto wamebeba mifuko ya katekisimu, wazee wa kanisa wanaelekeza magari yasizibe barabara. Jengo moja linatumiwa kwa zamu na makundi ya lugha nyingi, na kila kundi lina saa yake. Ukichelewa, muda wako umekwenda. Makanisa mengine yapo Ghala, hukohuko Maskati, na kwingine ni Sohar upande wa kaskazini na Salalah kusini kabisa.

Sasa angalia ramani. Ukipelekwa kufanya kazi Nizwa, uko kilomita zipatazo 160 kutoka Maskati. Ndiyo maana ninasema jina la mji ni swali la imani pia. Wakala akikuambia "Oman", muulize: mji gani? Mtaa gani? Akisema utajua ukifika, hujapata jibu.

Geti la nyumba

Nimefikia jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Aliyeajiriwa ofisini, hospitalini au hotelini atajua ratiba yake, atapanda basi au teksi, atakwenda Ruwi, atarudi. Uhuru wake wa ibada unatokana na sheria ya nchi. Dada wa kazi za nyumbani, yule tunayemwita shaghala, uhuru wake unatokana na geti. Sheria ya kazi ya kawaida haimgusi, ana kanuni zake, na anaishi ndani ya nyumba ya kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Kanisa linaweza kuwa mtaa wa pili na lisimsaidie kitu.

Kanisani kwetu alikuwapo dada mmoja wa Kitanzania ambaye wakala wake alimwahidi kwa mdomo kwamba kila Ijumaa ni yake. Alifika, akakuta nyumba njema, chakula kizuri, mama mwenye nyumba mpole. Lakini Ijumaa ndiyo siku ambayo ukoo mzima hukusanyika kula kwa bibi. Baada ya sala ya adhuhuri watu 20 au 30 wanateremka kwenye magari, sinia za wali na nyama zinapangwa chini, watoto wanatapakaa. Ni siku ambayo nyumba inamhitaji msaidizi kuliko siku nyingine zote. Hakuna aliyemkataza kusali. Hakuna aliyemchukia kwa dini yake. Ilipita miezi 7 kabla hajaja kanisani, na siku hiyo alilia tangu wimbo wa kuingia hadi baraka.

Alichofanya baadaye ndicho ninachowashauri wote wakifanye mapema. Alimwendea mama mwenye nyumba kwa adabu, akasema, "Mama, naomba niwe natoka Jumamosi jioni, au Ijumaa asubuhi nirudi kabla ya saa tano." Mama yule akashangaa, kwa sababu hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba binti huyu ni wa kanisa. Kwenye karatasi za wakala hapakuwa na neno lolote.

Basi kabla hujatia saini, taka siku ya mapumziko iandikwe kwenye mkataba, na si maneno "siku moja kwa wiki" peke yake. Taka pia iandikwe kwamba unaruhusiwa kutoka nje siku hiyo, maana zipo nyumba ambazo mapumziko ni kukaa chumbani kwako. Uliza kama mwajiri anajua dini yako. Mkataba utakuja kwa Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo mtafute mtu asiyekula pesa kwa wakala akusomee. Pengine utakosa kazi hiyo kwa sababu umeuliza. Kwa maoni yangu ni afadhali uikose ukiwa Dar es Salaam au Mombasa.

Usiandikwe usichokuwa

Wapo mawakala wanaomwambia binti wa Kikristo ajaze fomu kama Mwislamu. Wanampa jina jipya, wanampiga picha akiwa na mtandio, wanamfundisha salamu mbili tatu, kwa kisa kwamba waajiri wengi wanapendelea Waislamu. Usikubali. Ukishaandikwa Mwislamu utahesabiwa Mwislamu. Ramadhani utatarajiwa ufunge, sala utatarajiwa usali, na siku utakapoomba ruhusa ya kwenda kanisani utakuwa unajitangaza kwamba umeitoka dini, au kwamba uliingia nyumba ya watu kwa uongo. Yote mawili ni mabaya. Kumwona mtu ameacha Uislamu si jambo jepesi huko: sheria yao ya familia inamnyima hata baba aliyeuacha Uislamu haki zake juu ya watoto wake. Na ukifa, Mungu apishe mbali, utazikwa kwa karatasi zako zinavyosema.

Ni kumkosea Mwislamu pia. Mtu aliyemfungulia mgeni jiko lake, akamwachia ayapike maji ya kutawadhia ya mama yake mzee akiamini ni dada yake katika dini, ana haki ya kuambiwa kweli.

Kuhusu ndoa niseme kwa ufupi. Mwanamume Mwislamu anaweza kumwoa Mkristo. Mwanamume asiye Mwislamu hawezi kumwoa Mwislamu. Kijana, lijue hilo kabla moyo haujakwenda mbali.

Uislamu utakaoukuta

Mwislamu wa Unguja, Tanga au Lamu, ambaye kwetu ni Mshafi, yaani Sunni wa madhehebu ya Shafi, hudhani yeye hana la kujifunza. Atashangaa siku ya kwanza msikitini. Waomani wengi ni Waibadhi, madhehebu yasiyo Sunni wala Shia, yanayomtaja Jabir bin Zayd, mtu wa upande wa Nizwa, kama mwanzilishi wa fikra zake. Imamu atasimama mikono imeshuka ubavuni, hafungi kifuani, hainui kwenye takbira. Akimaliza Alfatiha, wewe utatoa "Amina" kwa sauti na utajisikia uko peke yako. Wala usione haya. Watu wa mataifa yote husali katika safu moja hapo, huyu amefunga mikono, yule ameishusha, na hakuna anayegeuka kumtazama mwenzake. Washafi wenyewe wako wengi Dhofar na Sur, na Washia, wakiwamo Walawatia wa Muttrah, mtaa wa bandari wa Maskati, wana misikiti yao kwa miaka mingi.

Kumuuliza mtu "wewe ni madhehebu gani?" kabla hamjazoeana ni utovu wa adabu. Nchi hiyo inalichukulia jambo hilo kwa uzito, na ilipata jeraha lake mwezi Julai 2024, watu wenye silaha walipowashambulia waumini wa Kishia waliokusanyika kwa Ashura kwenye msikiti wa Wadi al-Kabir, Maskati. Watu 6 waliuawa, mbali na washambuliaji 3. Kwa watu waliozoea kuishi bila kuulizana, msiba ule ulikuwa mgeni kabisa.

Kwa sisi wa pwani Uibadhi si mgeni hata kidogo. Masultani wa Zanzibar walikuwa Waibadhi wakiwatawala Washafi, na Mufti Mkuu wa Oman aliyeteuliwa mwaka 1975, Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, amezaliwa Zanzibar mwaka 1942. Sayyid Said, Sultan wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, ndiye aliyempa mmisionari Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake mwaka 1844. Forodha ya Unguja aliikabidhi kwa Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, India. Mwislamu aliyetawala, Mhindu mwenye funguo za forodha, Mkristo mwenye barua ya Sultan: mpangilio huo ulianza zamani, na bado unauona Maskati. Hekalu la Shiva la mji huo ni kazi ya wafanyabiashara wa Kihindu wa zamani, na Kanaksi Khimji, mfanyabiashara Mhindu aliyefariki mwaka 2021, alipewa na Sultan Qaboos cheo cha Sheikh. Wamisionari wa Kimarekani walifika Maskati mwaka 1893, na hospitali yao ya Muttrah ilitibu watu miaka mingi kabla serikali haijawa na hospitali zake. Wazee wa Muttrah bado wanaikumbuka kwa heshima.

Ramadhani na mavazi

Ramadhani, usile, usinywe wala usivute sigara hadharani mchana. Sheria ya adhabu inataja kifungo cha siku 10 hadi miezi 3. Maji yako kunywa chumbani au katika sehemu ya kazini iliyotengwa. Wafanyakazi Waislamu walio chini ya sheria ya kazi hupunguziwa saa za kazi, zisizidi 6 kwa siku. Dada wa nyumbani atarajie kinyume: futari ya watu wengi, wageni hadi usiku wa manane, kisha daku. Pumzika mchana pale unapopata nafasi, na mwezi huo usiupangie mambo mengine.

Mavazi ni mepesi kuliko watu wanavyotisha. Mgeni halazimishwi abaya, bali afunike mabega na magoti. Wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuutembelea Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, na humo wanawake hufunika nywele. Nenda. Zulia lake lilifumwa kwa mkono kwa miaka 4 na lina uzito wa tani 21. Nilikwenda mara tatu, na mara zote nilikaa kimya nikijisikia niko mahali pa sala.

Jirani

Jirani yangu alikuwa bibi mwenye asili ya Kiomani, mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka baada ya mapinduzi ya 1964 akiwa na mtoto mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Nilimwamkia kwa shikamoo siku ya kwanza kwenye ngazi, akasimama, akashika ukuta. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?" Tangu siku hiyo Ijumaa alinigongea mlango nikirudi kanisani. "Umeniombea?" Namjibu, "Nimekuombea, bibi." Ndipo ananipa sahani iliyofunikwa.

Tarehe 25 Disemba huko ni siku ya kazi kama siku nyingine. Omba ruhusa tangu Novemba. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, nikakaa ofisini hadi saa kumi na moja. Niliporudi, bibi alikuwa amenisubiri na halwa na birika la kahawa, kwa sababu alikumbuka Krismasi za majirani zake wa Unguja.

Ukimpata mzee wa namna hiyo, na wapo wengi, mshike. Mweleze mapema kwamba wewe ni wa kanisa.

Mwisho, karatasi. Simu inaweza kuchukuliwa, kuisha chaji au kuvunjika. Andika kwa kalamu namba ya ubalozi wa nchi yako (Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Maskati), namba ya kanisa lililo karibu na mji unaokwenda, na namba ya mtu mmoja nyumbani atakayepokea hata usiku. Andika na dini yako na jina lako la kwenye pasipoti, kwa herufi kubwa. Toa nakala mbili. Moja iweke ndani ya Biblia yako, nyingine ishone kwenye pindo la kanga, na umwonyeshe mama yako ulipoishona kabla hujaondoka.